Kichwa Kisichopoa na Uzito Uliopita Kiasi



 Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya maradhi ambayo hapana nyumba isiyoyajua, nayo ni kuumwa na kichwa; na tuyatazame pamoja na jambo jingine ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni maradhi kabisa, nalo ni uzito wa mwili uliopita kiasi. Je, mambo mawili haya yana ujamaa? Na kama yanao, yatupasa tufanye nini majumbani mwetu?

Sitaficha sababu iliyonifanya nifungue mlango huu. Ni kosa langu mwenyewe, nami nalieleza ili mwingine asilirudie.

Mama mmoja, jirani wa madrasa yetu hapa Dodoma, alinijia jioni moja baada ya sala ya Alasiri akiwa na binti yake. Binti huyo alikuwa mwanafunzi wangu alipokuwa mdogo. Sasa ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Tangu uzazi wa pili mwili wake ulikuwa umeongezeka sana. Mama akasema, "Maalim, mtoto huyu kichwa hakimpoi. Dawa za dukani amekunywa mpaka tumechoka. Tafadhali msomee." Nikamwuliza binti, "Mwanangu, wajisikiaje?" Akajibu, "Maalim, kichwa kinaniuma kila siku, na asubuhi ndiyo kinazidi. Nikiinuka kutoka kwenye sijida nuru hukatika machoni, kisha hurudi. Na masikioni nasikia mvumo, kama moyo unapiga humo ndani."

Lau ningekuwa na elimu ya jambo hili, maneno hayo peke yake yangetosha kunifanya nimhimize aende hospitali siku ile ile. Lakini mimi mawazo yangu yalikwenda kwenye kijicho na mashetani. Nikamsomea siku saba, kisha siku saba nyingine. Wiki ya tatu binti akaanza kugonga miimo ya milango, maana alikuwa haoni pembeni. Hapo ndipo alipopelekwa hospitali. Daktari wa macho akammulika ndani ya jicho, akaona kwamba pale unapoingia mshipa wa kuonea pamevimba. Akatibiwa, na kwa muda wa mwaka mmoja akapunguza uzito. Kichwa kikapoa, alhamdulillahi. Lakini sehemu ya nuru ya jicho la kushoto haikurudi. Kila nimwonapo akigeuza uso wote ili amtazame mtu aliye upande wake wa kushoto, nazikumbuka zile wiki mbili zangu.

Ndugu zangu, sijutii kumsomea Qurani, kwani Qurani ni shifaa. Najutia kumsomea peke yake, pasipo kumwambia aende kwa tabibu. Bwana Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu, akatujulisha kwamba kila maradhi yaliyoteremshwa yameteremshiwa dawa yake. Naye mwenyewe, kama alivyopokea Imam Bukhari, alipigwa chuku kichwani hali amehirimia, kwa sababu ya maumivu ya kichwa yaitwayo kwa Kiarabu "shaqiqa", yaani yale yanayoshika nusu ya kichwa. Ikiwa mbora wa viumbe aliumwa na kichwa akajitibu, ni nani kati yetu aliye juu ya matibabu?

Sasa na tuingie katika maelezo. Maumivu ya kichwa ni ya namna nyingi. Yaliyo mengi ni yale ya mkazo, ambayo mtu huhisi kama amefungwa kitambaa kwa nguvu kuzunguka paji la uso. Namna ya pili ndiyo hiyo shaqiqa, ambayo kwa Kiswahili chetu twaiita kipandauso: mara nyingi hushika upande mmoja, hupwita kama mshipa unaodunda, humletea mtu kichefuchefu, na kumfanya auchukie mwanga na kelele, nayo huweza kudumu tangu saa 4 hata siku 3 ikiwa hakutibiwa.

Wala mtu asiseme kwamba haya ni maradhi ya Wazungu au ya watu wa mijini. Mwaka 2003 na 2004 matabibu, miongoni mwao Profesa William Matuja wa Muhimbili, walifanya uchunguzi katika vijiji vilivyo karibu na hospitali ya Haydom huko Mbulu, upande wa kaskazini wa nyanda zetu hizi. Walipita nyumba kwa nyumba wakauliza habari za watu zaidi ya 7,400. Walikuta kipandauso kipo kwa wakulima na wafugaji, na kwamba wanawake wanaougua ni karibu mara 3 ya wanaume. Basi yule mama anayejifunga kanga kichwani na kulala katika chumba chenye giza, naye akaambiwa kuwa ni mvivu, huenda anaugua maradhi yenye jina na yenye dawa.

Ama uzito, unaingiaje hapa? Sharti tuseme ukweli wenye mizani. Si kila mtu mnene anaumwa na kichwa, wala si kila anayeumwa na kichwa ni mnene. Wako watu wembamba kama mwanzi ambao kipandauso kimewatesa tangu utotoni. Jambo ambalo wataalamu wamelithibitisha ni hili: mtu mwenye asili ya kipandauso akizidi uzito, maumivu yake huwa ya mara nyingi zaidi. Huko Marekani mwaka 2006 madaktari Marcelo Bigal na Richard Lipton walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu zaidi ya 30,000. Miongoni mwa wenye kipandauso na uzito wa kawaida, watu 4 tu hivi katika 100 walikuwa wakiumwa siku 10 hata 15 kwa mwezi. Kwa wanene, idadi ilikuwa kama 14 katika 100. Kwa walionenepa kupindukia, ilikuwa kama 21. Tazameni jinsi ngazi inavyopanda!

Mwaka 2017 wataalamu walikusanya pamoja tafiti 12 zilizohusu watu karibu 289,000, wakaona kuwa wanene wana kipandauso zaidi kuliko wenye uzito wa kawaida, kwa kadiri ya zaidi kidogo ya robo. Lakini waliona vile vile kuwa waliokonda kupita kiasi nao wamezidi, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Kumbe mwili haukupenda huku wala kule; wapenda kati na kati. Na hivi ndivyo dini yetu inavyotufunza katika mambo yote, maana sisi tumeitwa umma wa wastani.

Mtu atauliza: mafuta yako tumboni na maumivu yako kichwani, safari hiyo imepita wapi? Zamani watu walidhani mafuta ya mwili ni kama mahindi ghalani, yamelala tu yakingoja siku ya njaa. Sivyo. Mafuta hayo yanafanya kazi usiku na mchana, yakitoa katika damu vitu vinavyochochea uvimbe na kuifanya mishipa ya fahamu iwe myepesi kukasirika. Kichwa ambacho kingevumilia jua kidogo au usingizi mchache sasa hakivumilii. Njia ya pili ni usingizi. Mnene wa shingo mara nyingi hukoroma, na katika kukoroma pumzi yake hukatika kwa muda, kisha hushtuka na kuvuta tena, mara nyingi kwa usiku mmoja bila mwenyewe kujua. Asubuhi huamka na kichwa kizito, na mchana husinzia hata katika hotuba ya Ijumaa. Huyo asilaumiwe kwa upungufu wa imani. Aambiwe aende akapimwe.

Njia ya tatu ndiyo iliyompata yule binti, nayo yahitaji tuieleze vizuri. Ubongo wa mwanadamu umezungukwa na maji ambayo Mwenyezi Mungu ameyaweka kwa kipimo. Kwa baadhi ya watu, na hasa wanawake wa umri wa kuzaa waliozidi uzito, mkandamizo wa maji hayo hupanda, ukaubana mshipa wa kuonea. Dalili zake ni kichwa kuuma, kuona giza kwa nukta chache mtu anapoinama au kuinuka, kusikia mvumo masikioni unaofuata mapigo ya moyo, na pengine kuona kitu kimoja kuwa viwili. Maradhi haya si ya watu wengi, lakini yakiachwa hupofusha. Dawa zipo, na tiba iliyo kubwa kwa mgonjwa mnene ni kupunguza uzito, pengine hadi kilo 15 katika kila kilo 100 alizonazo. Ajabu ya hekima ya Mungu, dalili hii ya giza hujitokeza katika rukuu na sijida. Basi, mama wa nyumba, ukimsikia binti yako akisema kwamba anaona giza anaposali, usimpuuze hata siku moja.

Pana neno jingine linalopasa kusemwa hapa. Watu wengi hudhani kwamba presha ya damu ikipanda lazima kichwa kiume. Kwa kawaida haiwi hivyo. Presha huweza kupanda miaka mingi nayo imenyamaza kimya, ila ikipanda kupita kiasi kabisa. Kwa hiyo mnene asiseme, "Kichwa hakiniumi, basi sina presha." Apimwe.

Tena tuseme juu ya vidonge. Mtu akiumwa leo akameza Panadol, hapana ubaya akifuata kipimo. Lakini ameza leo, kesho na keshokutwa, mpaka vidonge vikawa kama sukari ya chai. Madaktari wametujulisha kwamba mwenye maradhi ya kichwa akitumia dawa za kawaida za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zilizochanganywa na dawa nyingine siku 10 au zaidi, na akaendelea hivyo kwa miezi, dawa yenyewe hugeuka kuwa sababu ya kuumwa. Mtu hudhani anauzima moto, kumbe anautia mafuta. Aliyefika hapo asiache wala asiendelee kwa kujiamulia, amwone daktari. Na amwambie pia kwamba anaogopa unene, kwa kuwa baadhi ya dawa za kuzuia kipandauso huongeza uzito na nyingine huupunguza. Daktari akijua atachagua inayofaa.

Wasomaji wapenzi, huenda kijana akasema, "Wazee wetu hawakuwa na haya." Na pengine bibi atasema, "Unene ni neema. Kukonda ndiko maradhi." Wote wawili wana sehemu ya haki. Nchi yetu hii ya Ugogo imeonja njaa. Wazee walitusimulia habari za Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, iliyowaangamiza maelfu ya watu. Aliyelelewa na wazazi waliopita humo atauonaje mwili wa mtu kunenepa ila kuwa ni rehema? Hapana wa kumlaumu. Lakini hali imegeuka. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015–2016 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa Tanzania walio baina ya miaka 15 na 49, wanawake 28 walikuwa wamezidi uzito au ni wanene. Na ulimwenguni kote, Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni moja wenye unene uliopita mpaka.

Hapa mjini twayaona kwa macho. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, mji umepanuka na maisha yamebadilika. Aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu sasa hupanda bodaboda. Aliyekuwa akilima sasa huketi kitini tangu asubuhi hata jioni. Ugali wa uwele na mtama kwa mlenda, kunde na karanga, chakula kilichowakuza babu zetu, kimeonekana kuwa cha kishamba. Mahali pake pamekaa chipsi mayai, maandazi na soda. Mikono imepumzika, lakini mdomo umeongezewa kazi.

Mtu ajuaje kwamba amezidi? Achukue uzito wake kwa kilo, augawe kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mwenye urefu wa mita 1.60 akifika kilo 64 yuko kwenye mpaka wa uzito kuzidi, na akifika kilo 77 ameingia katika unene. Hesabu hii ni ya watu wazima, wala haimhusu mama mjamzito.

Basi tufanyeje? Nitataja mambo machache ambayo nyumba yo yote yaweza kuyafanya.

Kwanza, sahani. Katika Suratil Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Na Bwana Mtume (S.A.W.) alilitaja tumbo kuwa ndicho chombo kibaya mno kujazwa, akaelekeza kuwa asiyeweza kutosheka na tonge chache basi aligawe mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Tuanze na vinywaji: soda na chai ya sukari nyingi vipungue, maji na ukwaju usio na sukari vichukue nafasi. Mlenda, mboga za majani na kunde vizidi sahanini, wanga na mafuta ya kukaangia vipungue. Lakini mwenye kipandauso asijinyime mlo kwa pupa ya kukonda, maana njaa ya ghafula huamsha maumivu yale yale. Ale kidogo, kwa wakati wake, na apunguze uzito polepole.

Pili, mwendo. Huko Sweden mwaka 2011 wagonjwa 91 wa kipandauso waligawanywa makundi matatu: wengine walipewa dawa, wengine walifundishwa kutuliza mwili, na wengine walifanya mazoezi ya dakika 40 mara 3 kwa wiki. Mazoezi yalipunguza maumivu sawa na dawa. Sisi tumepewa nafasi ya kutembea mara tano kila siku. Anayeweza kwenda msikitini kwa miguu, kwa nini apande pikipiki? Na mama aliye nyumbani naye apewe saa yake ya kutembea. Mume na amshikie watoto, hilo si aibu.

Tatu, Ramadhani. Wengi huumwa na kichwa siku za kwanza kwa sababu ya kukosa maji, usingizi na chai au kahawa waliyoizoea. Anayejijua na aanze kupunguza kahawa wiki moja au mbili kabla ya mwezi, wala asiache daku. Na futari isiwe karamu ya viazi, sambusa, kaimati na chapati kwa pamoja, mpaka mtu akaumaliza mwezi wa kujizuia akiwa amezidi kilo. Ama mgonjwa ambaye saumu inamdhuru, Mola wake amempa ruhusa. Amwulize tabibu na mwanachuoni, asijidhuru.

Nne, ulimi. Nalitaja hili mwisho, lakini halina udogo. Yule binti baadaye aliniambia kwamba alikuwa amechelewa kusema habari za macho yake kwa sababu kila alipolalamika alichekwa na kuambiwa, "Punguza kula." Mtu akichekwa hujificha, na akijificha maradhi hukomaa. Enyi vijana, msimwite mwenzenu tipwatipwa. Nanyi wazazi, msimtenge mtoto mmoja kwa chakula chake peke yake. Nyumba nzima na ibadili sahani, kusudi asione kuwa anaadhibiwa.

Tena zikaririni dalili hizi, za kumkimbiza mtu hospitali bila kungoja: kichwa kinachouma ghafula kwa nguvu ambayo mtu hajapata kuijua, kinachofuatana na homa na shingo kukakamaa, kinachofuatana na udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, kinachopunguza kuona, kinachompata mama mjamzito kwa ukali, kinachokuja baada ya kuanguka, na kinachoanza upya kwa mtu aliyepita miaka 50. Homa nayo ipimwe malaria, isikisiwe.

Mwili huu ni amana. Salman alimwambia Abu Dardaa (Mungu awe radhi nao) kwamba nafsi yake ina haki juu yake, na Bwana Mtume (S.A.W.) akasema kuwa Salman amesema kweli. Siku hizi mama akiniletea mwanawe mwenye kichwa, namsomea, kisha namwuliza, "Macho yakoje?" Na kabla hajaondoka tumekwisha kubaliana siku ya kwenda hospitali.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, azihifadhi nuru za macho yetu, na atujaalie tuwe wenye kula kwa kiasi na kusema kwa huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.